Misheni ya Sonara

SAA 3:10 ASUBUHI

Kinyozi alifunga mlango wa saluni, akageuza kibao upande ulioandikwa "Tumefunga", akapita katikati ya viti viwili hadi chumba cha nyuma. Wenzake watatu walikuwa wameshakaa. Chumba kilinuka spiriti na poda. Juu ya meza, pembeni ya mashine za kunyolea zilizokuwa zikichajiwa, palikuwa na karatasi moja iliyochorwa kwa penseli. Geti la nyuma. Ngazi. Korido. Chumba.

"Tunarudia mara ya mwisho," alisema. "Mwenye swali aulize sasa. Tukishatoka hapa, midomo kimya."

Watatu hao waliinamia karatasi.

Kinyozi alikuwa na miaka arobaini na sita na mkono usiotetemeka. Kichwa cha mteja alikishika kama yai, na ile kazi yake nyingine, ya wizi, aliifanya vivyo hivyo, bila haraka na bila damu. Bastola alibeba, lakini katika kazi kumi na moja hajawahi kufyatua. Kazi kumi zilikwenda sawa. Moja iliharibika, ile ya duka la sonara, miaka sita iliyopita. Humo ndani ndimo alimobaki mdogo wake, Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakujua kunyamaza.

Mjane wa Chiriku alikaa kushoto kwake, mguu juu ya mguu. Gia. Zamani aliendesha gari la wagonjwa. Alijua kupenyeza gari pale ambapo wengine wanaona ukuta, na alijua nani atafika hospitali akiwa hai na nani hatafika. Baada ya kuolewa na Chiriku aliacha hospitali, akawa dereva wa kundi.

Wa tatu alikuwa Fundi, mzee wa miaka hamsini na nane, mfungua makufuli. Ndiye aliyelileta dili hili. Wa nne ndiye mgeni. Walimwita Miwani. Alifanya kazi ndani ya kampuni ya kutengeneza magemu ya kompyuta, na kazi yake ilikuwa kucheza gemu kutwa nzima akitafuta makosa.

"Yaani unalipwa kugonga magari?" Gia alimuuliza.

"Kugonga magari, kuruka maghorofa, kukimbizana na polisi. Nikigonga ukuta nikapenya upande wa pili, naandika ripoti."

"Mimi niligonga ukuta mara moja tu, wakanikata mshahara."

Miwani alicheka peke yake. Kinyozi aligonga karatasi kwa kidole.

"Endelea."

"Saa tisa waandishi wa habari wanakuja kuonyeshwa gemu. Saa saba na dakika tano wafanyakazi wote wanashuka ukumbini kufanya majaribio. Ghorofa ya tatu inabaki tupu kwa nusu saa. Mle chumbani kuna maboksi manne ya diski, yanafanana kama mapacha. Matatu ni matoleo ya zamani. Moja ndilo gemu lenyewe, zima. Mnunuzi anayelitaka kabla halijatoka haniamini mimi. Anataka mmoja wenu aione kazi kwa macho yake kabla boksi halijachomolewa."

"Aone nini?"

"Vitu vitatu." Miwani alisogea mbele. Hapa sauti yake ilibadilika, ikawa ya mtu anayependa kazi yake. "Cha kwanza, wahusika ni watatu. Unabonyeza tu, unatoka kwa dereva unaingia kwa mfungua makufuli, popote pale, hata katikati ya risasi. Matoleo ya zamani yana mmoja. Cha pili ni polisi. Kwenye magemu mengine ukijificha dakika mbili wanakusahau. Hawa hawasahau. Wanakumbuka namba ya gari, wanakumbuka shati. Hata ukilipaka gari rangi, dereva akiwa yuleyule, kuna siku watamjua."

"Hapo wamepatia," Gia alisema.

"Cha tatu ni misheni mpya. Imeingizwa mwezi uliopita. Unachagua watu wako, unachagua kuingia kimya au kwa fujo, na mwisho unabadilika kulingana na ulichochagua. Uvamizi wa duka la sonara."

Fundi aliweka kikombe chake mezani. Kiligonga kwa nguvu, chai ikamwagika kwenye karatasi.

Gia alimtazama. Kinyozi pia.

"Maduka ya sonara yako kila mahali," Fundi alisema upesi, akifuta chai kwa kiganja. "Kinyozi, acha hilo la kuangalia nilifanye mimi."

"Wewe uko mlangoni."

"Nikishafungua mlango nina kazi gani tena? Ninyi mkae koridoni, mimi naangalia."

"Tangu lini unaangalia magemu? Na ile miwani yako ya kusomea umeisahau nyumbani."

"Nasema tu."

"Ukishafungua unalinda korido. Naangalia mimi. Tumemaliza."

Fundi alikunja karatasi iliyolowa, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama stempu.

SAA 6:40 MCHANA

Kigari cheupe cha mizigo kilisimama barabara ya pili nyuma ya kampuni, ubavuni kimebandikwa maandishi: Mafundi Viyoyozi. Gari la kubadilisha lilikuwa kilomita tatu mbele, ghorofa ya pili ya jengo la maegesho. Gia alikuwa ameipita njia hiyo mara tisa na saa mkononi. Dakika sita bila foleni. Kumi kukiwa na foleni.

Kinyozi alivaa ovaroli ya buluu. Fundi alikuwa bado anahangaika na zipu.

"Tuahirishe," Fundi alisema.

Kinyozi aliacha kufunga ovaroli yake.

"Umesemaje?" Kinyozi aliuliza.

"Nina wasiwasi na yule kijana wa miwani. Anaongea sana. Tuache leo, tutafute siku nyingine."

"Siku nyingine ipi? Kesho gemu liko mitaani. Fundi, wewe ndiye uliyekuja saluni kwangu. Ukanisukuma wiki nzima. Lazima lile boksi litoke mle ndani, ndivyo ulivyosema. Leo nakuona unapiga magoti."

"Sijapiga magoti."

"Basi funga zipu."

Gia aligeuka kutoka kwenye usukani. Alimwonea huruma yule mzee. Katika miaka hii sita, hakuna mwezi uliopita bila Fundi kufika nyumbani kwake na mkoba wake wa vifaa. Alibadilisha makufuli, akarekebisha madirisha, akamtengenezea binti yake kitanda. Malipo alikataa. Chai alikunywa akiwa amesimama. Binti yake alimwita babu.

"Ukimaliza hapa uje nyumbani," alimwambia. "Bomba la jikoni linavuja tena."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Hakumtazama machoni.

SAA 7:08 MCHANA

Mlinzi wa geti la nyuma alikuwa mnene, amejifungulia vifungo viwili vya shati.

"Afadhali mmekuja! Huko juu kunaiva. Tangu asubuhi kiyoyozi kinapuliza moto kama jiko."

"Tumeletewa taarifa sasa hivi," Kinyozi alisema, ngazi ya alumini begani.

"Andika jina hapa. Na mwenzako."

Waliandika majina ya watu ambao hawajawahi kuzaliwa. Mlinzi alimtazama Fundi, jasho likimtoka kidevuni.

"Mzee, mbona unatoka jasho hata hujaingia?"

"Sukari," Fundi alisema.

"Pole. Hata mimi ninayo. Lifti iko kulia."

Hawakupanda lifti. Walipanda ngazi, ghorofa tatu, bila kusema neno. Korido ilikuwa tupu. Ukutani palikuwa na picha kubwa za mji wa kwenye gemu: madaraja, magari yanayoruka mitaro, mwanamke mwenye bunduki dirishani. Meza zilikuwa zimeachwa na vikombe vya kahawa na masweta yametundikwa kwenye viti. Miwani, aliyekiharibu kiyoyozi alfajiri, alikuwa akiwasubiri kwenye mlango wa chuma, uso umempauka.

"Kadi yangu haifungui huu. Ni wa wakubwa."

Fundi alipiga magoti mbele ya kufuli. Hapo mikono yake ilitulia. Ilikuwa hivyo siku zote, dunia ikimtikisa, mbele ya kufuli anakuwa kijana. Dakika moja na sekunde ishirini. Mlango ukalia klik.

"Kaa hapa," Kinyozi alimwambia. "Mtu akitokea ngazini, kohoa."

"Kinyozi."

"Nini?"

Fundi alikusanya vifaa vyake vya kufungulia.

"Fanya haraka," alisema.

SAA 7:15 MCHANA

Chumba kilikuwa kidogo na cha baridi, chenye mashine zake za kupoza peke yake. Taa za kijani zilipepesa kwenye kabati la chuma. Mezani palikuwa na skrini moja kubwa na spika mbili.

Miwani alikaa, akashika pedi ya kuchezea. "Boksi la pili kutoka chini ndilo linalosomwa sasa. Angalia."

Mji ulijitokeza. Jua, magari, watu wakivuka barabara. Miwani alibonyeza. Kutoka kwa mwanamke aliyekuwa kwenye usukani, picha ikaruka hadi kwa mzee mwenye mkoba wa vifaa, ikaruka tena hadi kwa kijana mwembamba anayepiga mluzi.

"Watatu."

"Nimeona."

Alimpiga polisi ngumi, akakimbia, akajificha nyuma ya duka, akangoja, akatoka. Polisi wa pili, mtaa mwingine kabisa, akamnyooshea kidole.

"Nimeona. Cha tatu."

"Hii nairukisha hadi mwisho, tusipoteze muda."

Duka la sonara. Kinyozi aliinama mbele. Kabati la kioo upande wa kushoto. Saa tatu za ukutani, ya katikati imesimama. Ngazi ya kushuka kwenye kasiki. Mlango wa nyuma wa chuma, ule wa kukunja, unaoteremshwa kwa mnyororo. Kinyozi hakuwahi kuingia mle ndani. Siku ile yeye alilinda mbele, Gia alikuwa kwenye gari. Ila ramani aliichora mwenyewe, na zile saa tatu aliziona kupitia dirishani siku nne mfululizo.

"Nani ametengeneza hii?" aliuliza.

"Waandishi wetu. Walisimuliwa na mshauri, mtu wa makufuli. Alikuja kubadilisha vitasa vya ofisi, wakaanza kupiga naye soga. Ndiye huyohuyo aliyenileta kwako. Alisema ni hadithi tu, ametunga."

"Usiongee. Cheza."

Kwenye skrini mzee na kijana walipanda kutoka kwenye kasiki. Kengele ililia. Mlinzi wa duka alitokea, akafyatua mara moja, akakimbia. Kijana alianguka. Damu ilimtoka kwenye paja la kulia. Mzee alifika kwenye mlango wa chuma, akatoka nje, akashika mnyororo. Kijana alikuwa anatambaa kumfuata. Zilibaki hatua nne. Kwa mbali, ving'ora.

Maneno mawili yalitokea chini ya skrini. SHIKILIA. TEREMSHA.

"Hapa mchezaji anachagua," Miwani alinong'ona. "Ila waandishi waliweka hivi kwanza, kama mshauri alivyosimulia."

Akabonyeza. Mzee akaachia mnyororo.

Kijana aliongea. Spika zilikuwa wazi. "Fundi, usiteremshe! Nipo! Niko hai, Fundi, mwite mke wangu, anajua kuzuia damu! Yuko hapo nje tu!"

Mlango ukateremka hadi chini. Sauti ikaendelea kutoka nyuma ya chuma. Iliendelea muda mrefu.

Kinyozi alisimama pale pale. Miaka sita alikuwa akijua jambo moja, kwa kuwa aliambiwa na mtu mmoja: risasi ya kichwa, alikufa papo hapo, hapakuwa na la kufanya. Maiti hawakuidai. Kwenda kuidai kulikuwa sawa na kujipeleka wenyewe. Manispaa ilimzika, wapi hawajui. Walioingia mle ndani walikuwa wawili. Aliyetoka ni mmoja.

"Mzee? Vipi?" Miwani aliuliza.

Mlango uligongwa kwa bega. Fundi aliingia. Alikuwa amesikia kila kitu.

Alikwenda moja kwa moja kwenye kabati, akashika boksi la pili kutoka chini kwa mikono miwili.

"Usivute!" Miwani alipiga kelele. "Lazima lizimwe kwanza!"

Akavuta. Taa za kijani zikawa nyekundu. Jengo zima likaanza kulia.

SAA 7:21 MCHANA

"Umefanya nini? Umefanya nini?" Miwani alikuwa ameshika kichwa.

"Limeisha," Fundi alisema, amekumbatia boksi kifuani. "Halipo tena. Hakuna atakayeliona."

"Halipo? Mzee, nakala ziko kila mahali! Hili ni la kazi tu! Wanazo kwenye jengo lingine, wanazo hata nje ya nchi! Niliwaambia tunamuuzia mnunuzi, sikusema tunalifuta!"

Fundi alimtazama kama mtu aliyeambiwa kufuli alilofungua halikuwa na mlango nyuma yake. Maisha yake yote, kitu kilikuwa kwenye kasiki moja. Ukikitoa, kimetoka.

Kinyozi alitoa bastola. Akairudisha. Hapo hapakuwa mahali pake.

"Kaa chini," alimwambia Miwani. "Sema tulikupiga."

"Lakini hamjani..."

Ngumi ilitua shavuni. Miwani akaanguka kando ya kiti, miwani ikaruka chini ya meza.

"Samahani," Kinyozi alisema. Kisha akamgeukia Fundi. "Tangulia."

"Kinyozi, nisikilize."

"Tangulia mbele yangu. Ukikimbia nakupiga mgongoni."

Kinyozi aliokota ngazi yake ya alumini, wakashuka. Ghorofa ya pili watu walikuwa wanapanda, vijana wanacheka, wakidhani kengele imeharibika. Wakawapisha mafundi na ngazi yao ya alumini. Ghorofa ya kwanza mlinzi mnene alikuwa anapanda akihema, redio mkononi.

"Ninyi! Kuna nini huko?"

"Umeme umepiga shoti," Kinyozi alisema.

Macho ya mlinzi yakashuka kwenye boksi. Kiyoyozi hakina boksi la namna ile.

"Hicho ni nini?"

Kinyozi alimsukumia ngazi ya alumini kifuani. Mlinzi alianguka chali, redio ikavunjika. Wakaruka juu ya miguu yake, wakatoka kwenye jua.

SAA 7:25 MCHANA

Gia alikuwa ameshasogeza gari. Mlango wa pembeni ulikuwa wazi. Waliingia nyuma, akaondoa kabla haujafungwa.

"Kengele imetoka wapi?" aliuliza. "Mlisema kimya."

Kinyozi aliuvuta mlango ukafunga.

Alikata kona ya kwanza kulia, ya pili kushoto, akapita kituo cha mafuta, akaibukia barabara kubwa. Hakuendesha kwa fujo. Alijua gari linalokimbia kuliko mengine ndilo linalotazamwa. Kwenye kioo aliwaona wanaume wawili wameketi sakafuni, wameelekeana, na bastola katikati yao.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Endesha."

"Unamnyooshea nani chuma? Huyo ni Fundi!"

"Mwambie," Kinyozi alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo iliyomwogofya Gia. "Mwambie ulichowaambia wale watu wa gemu. Wao uliweza kuwaambia."

"Kinyozi, nakuomba. Si mbele yake."

"Mwambie mwenyewe, au nitamwambia mimi, na nitamwambia vibaya."

Mbele, taa zilikuwa nyekundu. Magari yalisimama mistari mitatu. Nyuma kabisa, king'ora cha kwanza kilisikika.

Fundi alilaza boksi kando yake.

"Hakufa papo hapo," alisema.

Gia hakugeuka.

"Alipigwa paja. La kulia. Alikuwa anatambaa, anakuja mlangoni. Polisi walikuwa wanaingia kwa mbele. Nikawaza nikimngoja tunakamatwa wote wawili, na wewe kwenye gari, na Kinyozi. Nikateremsha mlango. Niliwaza hivyo baadaye. Wakati ule sikuwaza kitu. Niliogopa tu."

"Paja," Gia alisema.

"Ndiyo."

"Alikuwa anaongea?"

"Alikuwa anaongea."

"Alisema nini?"

Fundi aliangalia boksi. "Alikuita wewe. Alisema wewe unajua kuzuia damu. Nimekaa nayo miaka sita, Gia. Kila nikija kwako nilikuja kusema. Kila nikija nikakuta kitasa kibovu. Wale watu wa kule walikuwa hawanijui. Nikasema kwao kama hadithi, nikalala usingizi siku ile kwa mara ya kwanza. Sikujua wataiweka. Nilipojua nikataka litolewe mle kabla hamjaliona."

Taa zikawa kijani. Magari yakaanza kusogea. Gia hakusogea. Nyuma yao honi zikaanza.

"Nilikuwa mita hamsini," alisema. "Nilikuwa na mkoba wa huduma ya kwanza chini ya kiti. Siku zote nilikuwa nao."

Alizima injini. Akachomoa ufunguo.

"Gia, gari!" Kinyozi alisema. "Shemeji, wanakuja!"

"Najua. Nawasikia."

Ndipo Kinyozi alipoteremsha mdomo wa bastola kutoka kifuani kwa Fundi, polepole, hadi kwenye paja. La kulia. Akafyatua.

Ndani ya kile kigari mlio ulikuwa kama kofi la sikio. Honi zote zilinyamaza. Mtu alipiga yowe barabarani, milango ya magari ikaanza kufunguliwa. Fundi hakupiga kelele. Alijikunja, akashika mguu, na kati ya vidole vyake damu ilianza kutoka kwa midundo, midundo, kama inayosukumwa.

Gia alipangusa usukani kwa mkono wa koti, akashuka, akazunguka, akafungua mlango wa pembeni. Alitazama jeraha jinsi alivyotazama majeraha mamia, bila kubadilisha uso.

"Mshipa umekatika," alimwambia Kinyozi. "Ukimwacha, dakika tano, sita, amekwisha. Ukimbana hapa juu kwa ngumi, kwa uzito wako wote, bila kuachia, atafika hospitali. Ila ukimbana huwezi kukimbia."

"Mbane wewe."

"Hapana," Gia alisema. "Huyu siwezi kumgusa. Na siwezi kukwambia umwache. Nina mtoto wa kumchukua shuleni."

Akavua koti la kazi, akalitupa sakafuni ili litumike. Kisha akageuka, akapita katikati ya magari yaliyosimama, mwanamke mwenye blauzi ya kawaida, na umati uliokuwa unakimbia kutoka kwenye mlio ukamchukua pamoja nao.

Kinyozi alibaki na bastola mkononi. Kituo cha polisi cha karibu alikijua. Barabara alizijua. Upande wa kulia kulikuwa na uchochoro kati ya benki na duka la viatu, na mwisho wake ni soko. Sekunde thelathini za mbio.

"Nenda," Fundi alisema. Uso wake ulikuwa umeshabadilika rangi. "Nenda, Kinyozi. Sitakulaumu."

"Nyamaza."

"Nilimwacha ndugu yako. Nenda."

"Nimesema nyamaza!"

Alitupa bastola chini ya kiti. Akakunja koti la Gia, akalisokomeza juu ya jeraha, akaweka ngumi, akaweka goti juu ya ngumi, akalala juu yake kwa uzito wake wote. Mikono isiyotetemeka ilikuwa inatetemeka. Akaanza kulia, kwa sauti, kama mtoto, huku akibana, akimtukana Fundi kwa kila tusi alilolijua, akimwambia asifumbe macho, mbwa wewe, usifumbe macho.

Polisi walipofika walimkuta hivyo. Waliamuru ainue mikono. Alikataa.

"Nikiinua anakufa," aliwaambia. "Mnataka mikono yangu, njooni mshike ninyi hapa kwanza."

SAA 11:40 JIONI

Inspekta alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole na daftari jipya. Chumba kilikuwa na meza, viti viwili, feni isiyozunguka. Chini ya kucha za Kinyozi damu ilikuwa imekauka.

"Anaishi?" aliuliza.

"Ametoka chumba cha upasuaji. Daktari anasema angechelewa kubanwa kidogo tu tungekuwa tunaongea habari ya mauaji." Inspekta alifungua daftari. "Nina bastola. Nina boksi. Nina mlinzi mwenye mbavu mbili zilizovunjika na mfanyakazi mmoja aliyevimba shavu, ambaye bado sijaamua kama namwamini. Nina mzee mwenye risasi yako. Sina dereva."

Kinyozi alitazama feni.

"Gari halikujiendesha. Usukani umefutwa vizuri, ufunguo hakuna. Koti ulilombania nalo ni dogo, la mwanamke. Nani alikuwa anaendesha?"

"Sikumwona vizuri. Tulimkodi mtaani."

"Mlimkodi mtaani. Hukumwona. Mmekaa naye gari moja."

"Nilikuwa nyuma."

Inspekta aliandika. Hakuonekana kukasirika. Alifunga kalamu, akaegemea kiti.

"Nitakwambia kitu, kwa sababu kinanishangaza. Nimetoka hospitali sasa hivi. Mwenzako amezinduka. Nimemwambia wazi: wewe ndiye uliyempiga, na akinipa dereva nitamsemea kwa hakimu, pengine afie nyumbani kwake. Mzee yule hana deni lolote na watu kama ninyi, sivyo? Umempiga risasi."

Kinyozi alikwaruza damu kwenye kucha zake. Anayelijua jina la Gia ni Fundi. Mwenye anwani yake ni Fundi, na kila kufuli la mlango ule alilifunga yeye. Neno moja tu, na kabla giza halijaingia wangekuwa wameshafika, na mtoto akiangalia.

"Amesema nini?"

Inspekta alisimama, akachukua daftari lake.

"Amelia kwanza. Kisha akasema alikuwa nyuma, hakumwona."

Akatoka. Kinyozi alilaza mikono yake miwili juu ya meza, akaitazama kwa muda mrefu, mpaka askari alipokuja kumchukua.